Furaha ya Mkristo Wakati wa Taabu

Maneno ya mwalimu wa dini kwa Wakristo waliokusanyika katika siku za Yubilei ya Jimbo

Nimeagizwa niseme nanyi habari ya furaha. Agizo hili si jepesi. Kuwaambia watu wafurahi siku ya karamu ni kazi ndogo, maana ng'ombe wamekwisha kuchinjwa, ngoma zimekwisha kuwambwa, na watoto wamevaa nguo mpya. Bali wako kati yetu leo watu waliokuja na msiba moyoni. Yuko aliyemwacha mgonjwa kitandani, yuko aliyezika mwezi huu, yuko ambaye mvua imemnyima mavuno. Watu hao nao wameitwa kwenye Yubilei. Kama maneno yangu hayatawafaa wao, basi hayamfai mtu. Naomba Roho Mtakatifu anisaidie, nanyi mnivumilie.

Na tuanze na neno lenyewe la Yubilei. Neno hili asili yake ni katika lugha ya Waebrania, nalo lahusiana na pembe ya kondoo dume iliyopigwa kutangaza mwaka mtakatifu. Katika Kitabu cha Walawi, sura ya 25, twasoma jinsi Mungu alivyowaagiza Waisraeli wahesabu miaka saba mara saba, na mwaka wa 50 wautakase: mtumwa arudi kwa jamaa zake akiwa huru, na mtu aliyeuza shamba la baba zake kwa sababu ya umaskini alipate tena. Bila shaka ilikuwa furaha kubwa. Lakini angalieni siku ambayo pembe hiyo iliamriwa ipigwe. Haikuwa siku ya mavuno, wala siku ya harusi ya mfalme. Ilikuwa siku ya kumi ya mwezi wa saba, yaani Siku ya Upatanisho, ambayo Waisraeli wote walifunga, wakajinyenyekesha mbele ya Mungu kwa ajili ya dhambi zao. Basi sauti ya Yubilei ilitoka katikati ya mfungo na toba. Tangu zamani Mungu aliwafundisha watu wake kwamba furaha yake haingoji hata machozi yakauke.

Kiswahili chetu kina maneno matatu yaliyo karibu karibu: raha, shangwe na furaha. Raha ni ya mwili: kivuli baada ya jua kali, uji wa moto baada ya njaa, usingizi baada ya kulima. Shangwe ni ya watu wengi pamoja: vigelegele, makofi na nyimbo. Yote mawili ni mema, nayo ni zawadi za Mungu. Bwana wetu mwenyewe alikwenda arusini Kana, akawapa divai wale waliopungukiwa, wala hakuwakemea kwa kusherehekea. Walakini raha huondoka homa ikiingia, na shangwe hukoma ngoma zikinyamaza. Furaha ambayo imani yatufundisha ina kisima kingine. Ni ya mtu anayejua kwamba yeye ni mali ya Mungu, kwamba alinunuliwa kwa Damu ya Kristu, na kwamba hata kaburi halitamtoa mkononi mwake. Mtu wa namna hiyo aweza kukosa raha, aweza kukosa shangwe, na kisima chake kisikauke.

Wazee wetu husema, Baada ya dhiki faraja. Ni neno la kweli, nalo limewasaidia wengi kuvumilia masika ya matope wakingoja kiangazi. Lakini Injili yasema jambo kubwa zaidi. Mithali yatuambia kwamba faraja hufuata nyuma ya dhiki, kama vile asubuhi hufuata usiku. Injili yatuambia kwamba Mungu huingia ndani ya dhiki yenyewe, usiku ungali usiku.

Mwakumbuka habari ya Mtume Paulo na mwenzake Sila katika mji wa Filipi, iliyoandikwa katika Matendo ya Mitume, sura ya 16. Walichapwa viboko vingi mbele ya watu, wakatupwa katika chumba cha ndani cha gereza, miguu yao ikafungwa katika mkatale. Usiku wa manane walikuwa wakisali na kumwimbia Mungu, na wafungwa wengine wakiwasikiliza. Angalieni taratibu ya mambo. Wimbo ulitangulia, na tetemeko la nchi likafuata. Hawakuimba kwa sababu milango imefunguka. Waliimba milango ikiwa imefungwa, na mgongo ukiwa ungali unatoka damu. Tena usiku ule ule mlinzi wa gereza aliwaosha majeraha, akabatizwa yeye na jamaa yake yote, akawaandikia chakula nyumbani mwake, akafurahi. Baadaye Paulo aliwaandikia Wakristo wa mji huo huo barua, naye yumo kifungoni tena. Barua hiyo ni fupi, yasomwa kwa muda mdogo, lakini neno furaha larudi ndani yake mara kwa mara. Nawashauri mwisome leo jioni, mkikumbuka kwamba mwandishi wake amefungwa minyororo.

Je, Paulo aliyapata wapi mambo haya? Aliyapata kwa Bwana wake. Usiku ule ambao Bwana wetu alitolewa kwa adui zake, aliutwaa mkate, akashukuru. Jina la Ekaristi maana yake ndiyo hiyo, shukrani, katika lugha ya Kiyunani. Hakushukuru asubuhi ya ufufuko tu. Alishukuru Yuda akiwa amekwisha kupokea fedha. Na Mwinjili Mateo atuambia kwamba, kabla ya kutoka kwenda Mlima wa Mizeituni, Yesu na wanafunzi wake waliimba. Mara nyingi tumeisoma habari ya Getsemani, lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba njia ya kwenda Getsemani ilianza kwa wimbo wa sifa.

Tena msiache yaliyofuata. Baada ya wimbo ule Bwana wetu aliona hofu na huzuni nyingi sana, hata jasho lake likawa kama matone ya damu. Aliomba kikombe kiondolewe. Alitaka rafiki zake wakeshe pamoja naye, nao wakalala. Basi mtu asimwambie mwenzake kwamba hofu ni upungufu wa imani, au kwamba anayelia hamwamini Mungu. Bwana alilia kaburini kwa Lazaro, ingawa alijua kwamba atamfufua punde. Furaha ya Mungu na machozi ya mwanadamu zaweza kukaa katika moyo mmoja, kama zilivyokaa katika Moyo Mtakatifu wa Yesu.

Ndugu zangu, mambo haya hayakuishia katika nchi za mbali. Yalitokea kando ya Ziwa letu hili. Padre Simeon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, pamoja na Bruda Amans, walifika Uganda mwezi wa Februari mwaka 1879. Wabatizwa wa kwanza walipata ubatizo mwaka 1880. Lakini mwezi wa Novemba mwaka 1882 mapadre walilazimika kuondoka, wakaja upande wetu wa kusini mwa Ziwa, na mwaka 1883 wakaanza misioni ya Bukumbi. Hawakurudi Uganda ila mwezi wa Julai mwaka 1885. Hesabuni miezi hiyo. Kwa muda wa miaka miwili na nusu na zaidi, Wakristo wale wachanga hawakuwa na Misa, hawakuwa na kitubio, wala hawakuwa na mtu wa kuwapaka mafuta wagonjwa wao. Je, waliacha sala? La hasha. Yosefu Mukasa, Andrea Kaggwa, Matia Mulumba na wengine waliwakusanya watu, wakawafundisha yale waliyoyashika kwa moyo, wakasali pamoja nao. Mapadre waliporudi walikuta moto haukuzimika, bali umewashwa katika nyumba nyingine nyingi.

Kisha mateso yakaja. Yosefu Mukasa aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Mwezi wa Mei mwaka 1886 Mfalme Mwanga aliwakusanya watumishi wake wa jumba la kifalme, akaamuru wanaosali wasimame kando. Wakasimama. Usiku uliotangulia Karoli Lwanga alikuwa amewabatiza wakatekumeni wanne, mmoja wao Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Padre Lourdel aliwaona wakipitishwa wamefungwa, asiweze kusema nao. Wakapelekwa Namugongo, wakawekwa kifungoni juma zima, huku kuni zikikusanywa. Juma zima, ndugu zangu! Ni rahisi kuwa hodari kwa saa moja. Wao walikaa siku baada ya siku wakiona kuni zinaletwa, na siku hizo walizitumia kusali kwa sauti pamoja, asubuhi na jioni, na kutiana moyo. Mmoja wao, Mbaga Tuzinde, alikuwa jamaa ya mkuu wa wauaji mwenyewe. Jamaa zake walimsihi aseme tu kwamba ameacha kusali, nao wangemficha. Hakukubali.

Wakachomwa moto tarehe 3 Juni 1886, nayo siku hiyo ilikuwa Sikukuu ya Kupaa Bwana Mbinguni. Wakatoliki walikuwa 13, Karoli Lwanga akiuawa peke yake kabla ya wenzake, na Wakristo wa Anglikana walikufa pamoja nao kwa Jina lile lile. Vijana watatu walioachiliwa mwishoni kabisa ndio waliosimulia baadaye waliyoyaona. Baada ya siku hiyo idadi ya walioomba ubatizo haikupungua, bali iliongezeka. Papa Benedikto wa 15 aliwatangaza Wenye Heri mwaka 1920, na Papa Paulo wa 6 aliwatangaza Watakatifu 22 tarehe 18 Oktoba 1964.

Kwa nini nimewasimulia habari mnayoijua? Kwa sababu ya jambo moja ambalo twalipita upesi. Furaha ya vijana wale haikuanguka kutoka mbinguni siku ya kuni. Ilikuwa imejengwa kidogo kidogo katika sala za kila siku, katika kukariri Baba Yetu na Salamu Maria, katika kukusanyika bila padre, katika kukesha kwa siri. Siku ya taabu walitumia akiba waliyokuwa wameiweka. Mtu asiyeweka nafaka ghalani wakati wa mavuno, atakula nini wakati wa njaa? Hivyo ndivyo ilivyo ibada. Dominika ambayo moyo wako ni mkavu, wala huoni faida yoyote ya kutembea saa mbili kwenda kanisani, ndiyo Dominika unayoweka akiba.

Nasema hayo kwa ajili yetu wa vigangoni hasa. Padre hutufikia baada ya majuma mengi. Dominika nyingine zote twakusanyika na mwalimu tu, twasoma Neno, twasali, twaimba. Wako wanaosema, Kama hakuna Misa, nitakwenda kufanya nini? Ni kweli kwamba hakuna kitu kilicho sawa na Misa Takatifu, na yatupasa kuitamani kwa njaa. Lakini wale wa miaka ya 1882 hata 1885 wanatujibu swali hilo vizuri kuliko mimi.

Sasa nitasema juu ya mama mmoja, bila kumtaja jina. Katika kigango kimoja ninachokihudumia, mama huyo alizika watoto wawili katika mwaka mmoja. Aliniambia, “Mwalimu, nitakuja kanisani, lakini kuimba siwezi. Nikifungua kinywa hutoka kilio.” Nikamjibu, “Mama, njoo ukae. Sisi tutaimba kwa niaba yako, hata siku utakapoweza.” Akaja. Akakaa karibu na mlango miezi kumi, asiimbe neno. Hakuna aliyemkemea wala aliyemgeukia kumtazama. Siku hizo nilikuwa nikisoma mara nyingi zile zaburi za kilio. Ndugu zangu, zaburi za namna hiyo ni nyingi kuliko tunavyodhani. Zaburi ya 22, ambayo Bwana aliisali msalabani, huanza na mtu anayejiona ameachwa na Mungu, na humalizika akimsifu katikati ya mkutano mkubwa. Zaburi ya 88 haina mwisho wa namna hiyo, yamalizika gizani. Walakini Kanisa limeiweka katika sala zake, nalo huisali hata leo. Maana yake ni nini? Ni kwamba Mungu huipokea sala ya mtu aliye gizani, hata kama hakuna mwanga katika neno lake la mwisho. Kumlilia Mungu ni kumwamini bado. Aliyekata tamaa hamlilii mtu.

Mama yule mpaka leo haimbi nyimbo zote. Lakini huitikia zaburi. Na mwaka jana, jirani yake alipofiwa na mume, yeye alikuwa wa kwanza kufika, akakaa naye siku tatu, akamtekea maji, akampikia, bila maneno mengi. Nikimtazama naona kazi ya Mungu. Wahenga walisema, Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kristu alimfaa mama yule kwa dhiki, na sasa yeye amfaa mwingine.

Kutokana na hayo yote yatupasa tujihadhari na mafundisho mawili yanayozunguka siku hizi.

La kwanza ni la wale wanaosema kwamba mwenye imani haugui, hapungukiwi fedha, hafiwi. Na kama akiumwa, ni kwa sababu imani yake ni haba au sadaka yake ni ndogo. Fundisho hili huuza furaha kama bidhaa sokoni. Humwongezea mgonjwa mzigo wa pili, maana sasa aona ugonjwa, tena aona aibu. Waulizeni watu hao: je, imani ya Karoli Lwanga ilikuwa haba? Je, Bikira Maria chini ya Msalaba alikuwa na imani ndogo? Mungu huponya, nasi twamwomba atuponye, na mara nyingi tumeona wema wake. Lakini hatufanyi naye biashara.

La pili ni kosa la upande wa pili, nalo laweza kutoka katika vinywa vyetu sisi wenyewe. Ni kumwambia kila anayeteseka, “Huo ndio msalaba wako, uchukue,” kisha tukaenda zetu. Mateso yenyewe si Mungu. Bwana wetu alipoona wagonjwa aliwaponya, alipoona wenye njaa aliwalisha. Mtoto mwenye homa apelekwe hospitali, na sala ifuatane naye njiani. Kisima kibovu kichimbwe upya. Na mwanamke anayepigwa na mumewe asiambiwe na mwalimu wala na mzee wa kanisa kwamba avumilie kwa ajili ya furaha ya mbinguni. Aokolewe, na mume aonywe. Msalaba ni ule ambao upendo watuletea, au ule usioweza kuondolewa baada ya kutenda kila tendo jema. Tusiwatwike watu misalaba ambayo sisi tungeweza kuiondoa kwa mikono yetu.

Kanisa, ambalo ni Mama na Mwalimu, latufundisha njia ya kati hata kwa kalenda yake. Katikati ya Kwaresima, Dominika ya nne, na katikati ya Majilio, Dominika ya tatu, latuita tufurahi, na padre aweza kuvaa mavazi ya rangi ya waridi badala ya zambarau. Mfungo haujakwisha, Ijumaa Kuu ingali mbele, walakini mlango umefunguliwa kidogo tuone Pasaka. Na katika kumzika Mkristo twawasha mshumaa wa Pasaka karibu na jeneza, nao ni ule ule uliowashwa usiku wa ufufuko. Hatuwaambii wafiwa wasilie. Twawasha taa ili walie wakiwa wanaona.

Basi mtakaporudi makwenu, nawaomba mshike mambo matatu. Kwanza, msiiache Dominika, iwe na padre au bila padre, iwe moyo ni mweupe au ni mzito. Asiyeweza kuimba na aje akae. Wenzake wamchukulie wimbo. Pili, kila jioni kabla ya kulala, jamaa wote wakiwa pamoja, mshukuruni Mungu kwa jambo moja la siku hiyo, mlitaje kwa jina lake, hata likiwa dogo kama kikombe cha maziwa au mgeni aliyewajulia hali. Mtoto anayesikia shukrani ya baba yake katika mwaka wa njaa, amepokea urithi kuliko shamba. Tatu, kabla siku hizi za karamu hazijaisha, kila mmoja amtafute katika kijiji chake mtu ambaye hakuweza kuja hapa kwa sababu ya ugonjwa, uzee au huzuni, ampelekee chakula cha Yubilei, akae naye. Sheria ya Yubilei ya kale ilikuwa kumrudisha aliyepotelewa kwa jamaa zake. Sheria hiyo twaweza kuitimiza kwa sahani moja ya wali na saa moja ya kukaa.

Mungu Baba, aliyewapa nguvu Mashahidi wetu katika moto, awape nanyi furaha yake katika taabu zenu. Mama Maria awaombee. Watakatifu Mashahidi wa Uganda, mtuombee.

Tumsifu Yesu Kristu!